Kuku wa Mguu wa Mazoya

Juzi mjukuu wangu aliletwa nyumbani amebebwa mgongoni na mwenzake, mguu mmoja unaning'inia, uso kaukunja kama aliyeramba shubiri. Walitoka kucheza mpira. Nikamwuliza, "Umefanya nini?" Akajibu, "Nimeteleza tu, bibi." Wote huteleza tu! Miaka yote niliyoshika viungo vya watu sijaletewa hata mchezaji mmoja aliyekiri kwamba kuna mwenzake aliyemzidi nguvu. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikakibonyeza kifundo cha mguu, nikaona hakuna kilichovunjika, ameteguka basi. Nikabandika jikoni kisufuria cha mafuta ya nyonyo na chumvi kidogo, ile chumvi yetu ya kuchujwa kwenye udongo.

Harufu ilipopanda nikajikuta nimekaa chini bila kupenda. Mafuta ya nyonyo yakichemka na chumvi hayanukii vizuri, tusidanganyane. Yana uzito fulani, kama samli iliyosahaulika kibuyuni. Lakini kwangu mimi harufu ile ndiyo utoto. Ilinirudisha moja kwa moja kwenye tembe la baba, nyumba ya dari bapa la udongo, chumba cha mwisho upande wa zizi, chumba cha shangazi. Wenzangu mliozaliwa wakati wa Mdachi, mliokuwa mkijificha kwenye mtama mkisikia tarumbeta la askari, nyinyi mtanielewa. Hawa wa siku hizi wakisikia wanadhani tunatunga.

Shangazi yangu alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, na kazi yake ilikuwa kuunga mifupa. Watu walimjia kutoka mbali, wengine wamebebwa kwenye ngozi ya ng'ombe, wengine wanajikokota wenyewe. Alikuwa mwembamba, mfupi, mkali. Mgonjwa akilia alimwambia, "Lia, lakini lia umetulia." Hakuwa na mtoto, na mimi niliyekuwa napenda kujua kila kitu nilijibandika kwake kama kupe. Alinifukuza mara kumi kwa siku. Nilitoka mlangoni, nikazunguka, nikapanda juu ya dari la tembe, nikachungulia kwenye tundu la moshi.

Nilikuwa na hesabu yangu ya kitoto. Wagonjwa wengi wa shangazi walikuwa vijana, na vijana waliumia michezoni, hasa baada ya mavuno, watu wakiwa wameshiba na hawana la kufanya. Mieleka ilileta mabega yaliyotoka mahali pake na shingo zisizogeuka. Kushindana kwa fimbo kulileta vidole vilivyovimba na vifundo vya mikono. Ngoma, ile yetu ya kuruka juu mabega yakitikisika, ilileta magoti, na hao walikuwa wasichana kwa wavulana. Vijana wa kushindania kurusha rungu mbali walikuja wameshika viwiko. Wenye mbio walikuja wameshika nyuma ya paja, wanachechemea huku wanacheka kwa aibu.

Basi mimi nikaamini kwamba kila mchezo ni mnyama, na kila mnyama ana mahali pake anapoanza kula. Fisi akimkamata mbuzi huanza na tumbo, kila mtoto wa Ugogo anajua. Kwa hiyo mieleka inakula bega, ngoma inakula goti, fimbo inakula vidole. Hakuna aliyenifundisha, niliona kwa macho yangu, na nikajiona nina akili kuliko watu wazima wote.

Nilikuwa nakaa juu ya dari namtazama mgonjwa anavyokuja kwa mbali, na kabla hajatoa salamu yetu ya "Mbukwenyi" mlangoni mimi nimeshapiga kelele: "Shangazi, huyu mieleka! Shangazi, huyu ngoma!" Na mara nyingi nilipatia. Siku moja akaja mama mmoja ameshika kifundo cha mkono. Nikapiga kelele, "Fimbo!" Watu wote uani wakaangua kicheko. Yule mama alikuwa ameanguka kutoka juu ya dari la kwake akianika mtama.

Shangazi akaniuliza, "Na kuanika mtama ni mchezo gani?"

Nikafikiri kweli kweli. Nikamjibu, "Ni fimbo iliyokosea njia."

Alicheka mpaka akakaa chini, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheka.

Sasa, kule bomani kwa Mdachi kulikuwa na kitu kilichonikosesha raha. Tulipokwenda na baba kupeleka mbuzi niliona nguzo mbili ndefu zimesimikwa, na juu yake chuma kimelazwa kutoka nguzo hii mpaka ile. Nilishasikia watu wakinong'ona kwamba Mdachi ananyonga watu. Nikajua ndicho hicho. Nikalala siku kadhaa nimejifunika kichwa.

Halafu akaja askari. Mtu mrefu mweusi, kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, lakini mkono wa kulia umelegea na bega limeshuka, limefanya pembe pale pasipotakiwa. Watu uani walitawanyika kama kuku waliomwona mwewe. Shangazi hakuondoka. Kiswahili alijua cha kununulia chumvi tu, lakini akamwuliza, "Nini?"

"Chuma," askari akasema. "Bwana mkubwa anatuning'iniza kwenye chuma kila asubuhi. Tunajivuta juu, tunazunguka. Anasema ni mchezo, unaleta nguvu."

Mimi juu ya tundu la moshi nikazidi kuinama. Kumbe wananyongwa kila asubuhi, halafu wanarudi! Na kumbe mchezo wa Wazungu nao unakula bega, kama mieleka yetu. Nilishangaa sana kwamba Mdachi, pamoja na bunduki zake zote, hakuweza kupata mnyama wake mwenyewe.

Shangazi alimlaza chini kwenye ngozi, akaketi ubavuni mwake, akaweka kisigino chake kwenye kwapa la askari, akaushika mkono kwa mikono miwili. Akamwuliza taratibu, "Mama yako anaitwa nani?"

Askari akashangaa. "Mama yangu anaitwa..."

Akavuta. Bega likarudi kwa mlio mdogo, kama kifuniko kikikaa kwenye chungu. Jina la mama yake hakulimaliza, badala yake alipiga ukelele uliowafanya ng'ombe zizini wanyanyue vichwa. Halafu akaunyanyua mkono, akautazama, akaunyanyua tena. Alimletea shangazi chumvi ya dukani na kipande cha kaniki, na tangu siku hiyo akipita barabarani alikuwa anamsalimu kwa mkono ule ule, anaunyanyua juu kabisa kumwonyesha.

Nilimwuliza shangazi kwa nini aliuliza jina la mama. Akasema, "Mtu akimfikiria mama yake, mwili unalegea." Nikaliweka hilo moyoni.

Mwaka ule ndipo mpira ulipoingia kwetu. Mwalimu mmoja kijana wa shule ya misheni aliuleta, wa ngozi, umeshonwa, ndani una upepo. Vijana wa misheni walikuwa wanaucheza uwanjani mwao, na vijana wa kwetu, wachunga ng'ombe, wakaenda kujaribu. Mimi sikulala kwa udadisi. Mnyama mgeni huyu! Atakula wapi? Kichwa, kwa kuwa wanaupiga kwa kichwa? Vidole vya miguu, kwa kuwa hatukuwa na viatu? Nilikuwa nasubiri mgonjwa wa kwanza wa mpira kama watu wanavyosubiri mvua.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa kaka yangu Mazoya.

Mazoya alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, mimi wa mwisho. Alikuwa mpigana mieleka, na si mbaya. Mwaka uliotangulia alibwagwa na Chilongola, kijana wa ng'ambo ya korongo, na tangu hapo hakukuwa na wimbo mwingine nyumbani isipokuwa Chilongola, Chilongola. Baba alikuwa ameshamtafutia mchumba. Kwetu mwanamume akishaoa haingii tena mchangani na vijana, kwa hiyo mavuno yaliyokuwa yanakuja yalikuwa ya mwisho kwake. Ama ambwage Chilongola safari hiyo, ama aende kaburini amebwagwa. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na alisema akiwa ameshiba ugali na mlenda, lakini alimaanisha.

Nilikuwapo uwanjani siku ile. Mazoya aliukimbilia mpira, akatanguliza mguu wa kushoto, na kijana wa misheni akaukimbilia vilevile, na miguu ikakutana mpira ukiwa umeshapita. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu ikivunjika. Mungu anisamehe, wazo la kwanza kunijia halikuwa "maskini kaka yangu." Lilikuwa, "Kumbe mpira unakula muundi." Halafu nikamwona anavyoutazama mguu wake mwenyewe, nikaanza kulia.

Shangazi aliunyoosha mfupa siku hiyo hiyo. Wanaume wanne walimshika. Akazungushia majani na mafuta ya nyonyo, akaweka mabanzi ya mti, akafunga kwa kamba za gome. Kisha akaagiza aletewe kuku.

Hapa wenzangu wa pande nyingine mtashangaa, ila kwa shangazi ndivyo ilivyokuwa. Mtu akivunjika mguu, kuku naye alivunjwa mguu ule ule, pale pale. Akanyooshwa, akafungwa vibanzi vya bua la mtama, akawekwa kwenye kona moja na mgonjwa, amefungwa kamba. Walikula pamoja, wakalala pamoja. Siku kuku akisimama, mgonjwa anasimama kwa kushikwa. Siku kuku akichakura kwa mguu ule mbovu, mgonjwa anatembea na mkongojo. Na siku kuku akiruka mwenyewe juu ya dari la tembe, basi, mgonjwa anatupa mabanzi, anakwenda zake.

Wa Mazoya alikuwa tetea wa madoadoa. Mazoya alimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja. Asubuhi alikuwa anamwambia, "Ndugu yangu, inuka basi, mtama unaiva." Tetea alikuwa amelala na jicho moja limefumba. Mwezi ukaisha. Tetea akasimama. Mazoya akasimama, ameshikwa kwapani na baba, jasho linamtoka.

Siku hizo shangazi akaitwa Mvumi, kuna mzee aliyeanguka kutoka juu ya punda. Akasema atakaa siku kadhaa. Aliponiaga alininyooshea kidole: "We mtoto, usiguse kitu."

Nyie! Ni bora asingesema.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulijua, na lilikuwa linaniwasha. Shangazi aliunganisha mifupa, lakini kwa nini? Kibuyu kikipasuka tunakishona kwa uzi. Chungu kikivunjika hakiungwi. Mfupa je? Nilikuwa nimejishawishi kwamba shangazi anaushona ndani kwa ndani, wakati sisi tumegeuza macho, na kwamba nikifungua nitauona uzi. Mguu wa Mazoya singeweza kuufungua. Kuku je?

Mazoya alikuwa amelala mchana, mdomo wazi. Nikamchukua tetea, nikampeleka nyuma ya tembe, nikamfungua kamba, nikamfungua na vibanzi. Nikaupapasa mguu. Uzi hakuna. Kulikuwa na kifundo kigumu, kama njugumawe ndogo imejificha chini ya ngozi. Nikakibonyeza, nikakibonyeza tena. Tetea akapiga mabawa, akanitoka mkononi, akakimbia kwa kurukaruka mpaka katikati ya uwanja. Kivuli kikapita juu ya uwanja. Nilipofika sikukuta tetea, nilikuta manyoya matatu. Mwewe alikuwa ameshampeleka juu ya miti.

Wazo langu lilikuwa moja tu: kuku amekufa, na kaka yangu atakufa. Nilikimbia kumtazama. Anakoroma. Nikaona bado kuna nafasi. Tetea yule alikuwa na dada yake wa tumbo moja, madoadoa yale yale. Nikamvizia, nikamkamata, nikamfunga vibanzi vya mabua mguu wa kushoto, nikamfunga kamba, nikamweka kwenye kona. Mfupa wake sikuuvunja. Nilijaribu, mikono ikakataa.

Kesho yake asubuhi kuku akachakura.

"Mama!" Mazoya akaita. "Mama, njoo uone! Anachakura kwa mguu mbovu!"

Mama akaja, baba akaja. Mazoya akapewa mkongojo, akatembea mpaka zizini na kurudi. Mimi nilisimama mlangoni. Siku ya tatu kamba ya kuku ilikatika, na yule kuku mzima wa mwili, aliyechoka kukaa ndani, akatoka mbio na vibanzi vyake mguuni akaruka juu ya dari la tembe, akakaa pale anakung'uta mabawa. Mazoya alimwona. Kisha akaketi, akachukua kisu, akakata kamba za mabanzi yake moja moja. Mama alisema, "Msubiri shangazi yako." Akajibu, "Kuku ameshasema, mama." Na kweli kuku alikuwa ameshasema, nani angebisha? Shangazi mwenyewe ndiye aliyetufundisha.

Ngoja niwaambie ukweli wangu. Nilikuwa na siku mbili nzima za kusema. Mieleka ilikuwa keshokutwa yake, na usiku wala mchana sikufungua mdomo. Niliogopa fimbo ya baba, niliogopa jicho la shangazi, na zaidi nilitaka sana kuamini kwamba kuku mzima anaweza kumponya mtu upesi kuliko kuku mgonjwa. Mbona Mazoya alikuwa anatembea? Alikuwa anauma meno, lakini anatembea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, watu husema. Kwetu aliyekuwa hasikii ni mimi, na guu lilikuwa la mwingine.

Mieleka ilichezwa kwenye mchanga wa korongo, mto ukiwa mkavu. Watu walijaa kingo zote mbili, sisi huku, wa kwa Chilongola kule. Mazoya alishuka. Kina mama walipiga vigelegele. Chilongola naye akashuka, kifua kimepakwa mafuta, akautazama mguu wa kushoto wa kaka yangu. Niliona anavyoutazama. Kila mpigana mieleka hutazama hivyo, si ubaya, ndio mchezo wenyewe. Nikajua mara moja ataanzia wapi.

Wakainama. Wakaanza kuzungukana. Nikajikuta niko katikati ya mchanga nimemkumbatia Mazoya mguu wa kulia, napiga kelele: "Kuku si yule! Kuku si yule!"

Watu wakaanza kucheka. Mazoya akajaribu kunibandua. "Umeingiwa na nini? Toka!"

"Kuku si yule, kaka! Wako aliliwa na mwewe! Nilimfungua mimi! Yule wa darini hajavunjika, ni dada yake!"

Chilongola alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliangua kicheko akashika magoti. Kingo zote mbili zikalipuka. Lakini Mazoya hakucheka wala hakunipiga. Akautazama mguu wake kama anauona mara ya kwanza, na mguu ule uliokuwa umetembea siku mbili ukaanza kutetemeka. Taratibu, mbele ya watu wote, mbele ya baba wa mchumba wake, akakaa chini mchangani.

"Mazoya kabwagwa na kuku!" mtu akapaza sauti, na wimbo ukatungwa pale pale.

Aliyembeba mgongoni kumrudisha nyumbani alikuwa Chilongola. Alikuwa bado anacheka, lakini alimbeba njia nzima, wala hakumwacha mtu mwingine apokee.

Shangazi alirudi siku ya pili. Nilimweleza mwenyewe, nimepiga magoti. Aliupapasa muundi wa Mazoya muda mrefu, macho yamefumba. Akasema, "Bado haujapinda. Angekanyagwa mara moja tu pale mchangani, ungekatika usiungike tena." Akamfunga mabanzi upya. Fimbo nilichapwa na baba. Shangazi hakunigusa. Adhabu yake ilikuwa nyingine: kila asubuhi aliushika mkono wangu, akaviweka vidole vyangu kwenye muundi wa kaka yangu, na kuniuliza, "Leo pakoje?" Laini. Bado laini. Leo pana unga unga. Leo pamekaza. Mazoya alikuwa ananitazama kwa jicho baya, kisha baada ya wiki kadhaa akawa ananiuliza na yeye, "Pakoje?"

Kilijijenga polepole, kifundo cha njugumawe, vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Hakuna aliyeshona. Mfupa ulijifunga wenyewe. Sijapata kustaajabu vile tena maishani mwangu, hata nilipoliona gari la moshi.

Siku moja nikamwuliza, "Shangazi, kumbe kuku wa nini, kama mfupa unajiunga wenyewe?"

Akaniuliza, "Ulimwambia nini kaka yako mpaka akakaa chini?"

"Kwamba kuku si yule."

"Baba yako angemwambia akae, angekaa?"

"Asingekaa."

"Haya. Niletee mafuta."

Mguu ukapona, ukanyooka kabisa. Mazoya alioa. Jina la Baba Kuku halikumtoka. Mpaka watoto wadogo walikuwa wanamwimbia, na yeye anacheka nao, lakini kicheko kinaishia mdomoni.

Halafu ikaja vita ya Wazungu. Jumbe aliwaita wanaume wote uwanjani, wakapangwa mstari. Askari waliokuja walitaka wapagazi wa kubeba mizigo, na mkubwa wao alikuwa yule yule aliyerudishiwa bega na shangazi, sasa ana tepe mkononi. Kila mwanamume alitakiwa atembee, aruke, ainue jiwe. Vilema na wagonjwa waliambiwa wakae pembeni. Nilitazama mstari ule nikamwona kila mmoja ninayemjua: bega la mieleka, limepona, goti la ngoma, limepona, kiwiko, vidole, paja. Wote walikuwa wamepita mikononi mwa shangazi, na wote waliruka vizuri.

Shangazi alisogea nyuma ya Mazoya. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Chechemea," akamwambia. "Una fundo mguuni, watalipapasa wataliona. Chechemea, mwanangu."

Mazoya hakugeuka. "Shangazi, niliwahi kukaa chini mbele ya watu hawa kwa sababu ya kuku," alisema. "Sikai tena."

Akatembea. Akaruka, juu, kama anacheza ngoma. Shangazi akamwendea askari, akasimama mbele yake, akamwambia kwa Kiswahili chake cha chumvi: "Bega hajambo?" Askari alimtambua. Aliangalia chini kwanza, kisha akatazama pembeni. Nyuma yake alikuwapo Mdachi na daftari. Akaunyanyua mkono wa kulia, ule ule, akamwelekezea Mazoya kidole.

Shangazi hakuunga mfupa wa mtu muda mrefu baada ya hapo. Alisema mikono inamuuma. Watu walipomlilia sana, alinisukuma mimi mbele, na ndivyo nilivyoanza.

Mazoya hakurudi. Hatukuletewa habari, wala kaburi, wala shuka lake. Chilongola alichukuliwa naye siku ile, na yeye alirudi, amebaki mifupa na macho. Nilimwendea nikamwuliza. Akaniambia walitenganishwa kwenye mto mkubwa huko kusini, Mazoya akapelekwa na kundi lingine. "Alikuwa anatembea vizuri," alisema, akidhani ananifariji. "Ule mguu haukumsumbua hata siku moja."

Nimejiuliza sana. Kama ningenyamaza siku ile mchangani, Chilongola angekanyaga pale alipopatazama, na kaka yangu angekaa pembeni na vilema, akazeeka akinilaumu. Najiuliza mpaka leo na jibu sina, na sitaki mtu anipe.

Mjukuu wangu nilimkanda kifundo, nikamfunga, nikamuuliza jina la mama yake huku nalijua. Jana akaja mzee mmoja mgeni, wa umri wa kina Mazoya, alitoka pande za kusini, bega limemkaza. Nikamlaza kwenye ngozi. Nikapaka mafuta mikononi. Halafu nikaanza, kama ninavyoanza kwa kila mzee mgeni, na muundi wa kushoto, vidole vinne juu ya kifundo, nikapapasa kushuka na kupanda.

"Mama," akasema, "mimi naumwa bega."

"Najua," nikamwambia. "Tulia kwanza."